Gwakisa na Mstari Aliokuwa Akiupamba

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Gwakisa Mwaisaka, fundi wa kompyuta wa Uyole, Mbeya. Gwakisa alifariki mwezi uliopita akiwa kazini Iringa. Alifia mbele ya kompyuta, wasikilizaji. Na hilo lilimchoma mkewe, Joyness, kuliko yote.

Joyness alikuwa na wivu, hafichi. Mke mwenzie, anasema, alikuwa mstari. Mstari gani? Fundi akiingia kwenye zile kompyuta zisizo na picha, hukuta mstari mmoja mfupi unaosubiri aandike amri. Kwa wengi ni mkavu tu. Gwakisa aliupamba. Jina lake kijani, saa njano. Mashine za Iringa, zenye taarifa za wateja, akazipa nyekundu, asije akazifuta kwa bahati mbaya. Jumapili wakitoka kanisani, yeye ni rangi tu.

"Baba Sekela, rangi zote hizo, mimi hata kitenge hujaninunulia!" Joyness alimwambia. "Huyo anakusubiri, unamvika. Mimi nakusubiri, chai inapoa."

Gwakisa akacheka, akaandika kwenye mstari: "Joyness anasubiri." Lakini badala ya kuuweka kwenye akaunti yake, akauweka kwenye mipangilio ya wote. Kesho yake mafundi wote, Mbeya na Iringa, wakaambiwa Joyness anasubiri. Liberatus, fundi mwenzake wa Iringa, akampigia Joyness simu: "Shemeji, kumbe unanisubiri? Nakuja!"

Mkuki kwa nguruwe, wasikilizaji! Sasa wivu ukamshika Gwakisa. Akalifuta jina siku hiyohiyo, kanuna.

"Umenifuta?" Joyness akawaka.

"Nimekuficha," akajibu.

Walicheka, ila donge halikumtoka mama.

Walipokwisha kuzika, Joyness alimvuta Liberatus kando. "Shemeji, neno lake la mwisho alimwambia nani? Mimi, au ule mstari?"

Liberatus akainama. "Mstari, shemeji."

"Aliuambia nini?"

"Aliandika amri ya kutoka. Alikuwa anafunga kazi, apande basi aje nyumbani."

Joyness, ambaye msiba mzima hakutoa chozi, akalia kwa sauti. Kisha akasema: "Basi aliuacha mwenyewe. Alikuwa anakuja kwangu."

Pole sana, Joyness. Pole, binti yao Sekela. Poleni, mafundi wa Mbeya na Iringa. Nawe unayetusikiliza ukiwa bado kazini, na nyumbani kuna mtu kakununia kwa ajili ya hiyo kazi: una bahati, kuna anayekuonea wivu. Inuka, uende.