Hajira binti Jumbe, Aliyemtetea Bundi

Assalaam alaykum. Kabla jeneza halijanyanyuliwa tunaomba tusikilizane. Wanaonong'ona watamalizia baadaye, maana hawajaacha tangu jana.

Marehemu Hajira binti Jumbe alizaliwa tarehe 3 Juni 1971, Kibuta, Kisarawe. Alisoma hukohuko, akamaliza darasa la saba mwaka 1986. Walimu walilalamika kwamba alitazama dirishani zaidi kuliko ubaoni. Hawakumsingizia. Ndege wote wa uwanjani aliwajua. Hesabu za kugawanya zilimshinda mpaka anazikwa.

Mwaka 1995 alifungua kibanda cha cherehani hapa Visiga. Akisikia mlio mgeni, suruali yako ilibaki mguu mmoja, fundi kaondoka na darubini. Desemba 2019 alilala kifudifudi kwenye matope ya msitu wa Pugu. Mpita njia akauliza, "Mama, umeanguka?"

"Nyamaza, utamfukuza!"

Mbele yake alikuwepo ndege mnene, mgongo wa kijani, tumbo jekundu, anayepita huku msimu wa mvua tu. Wengi huzeeka hawajamwona. Alirudi kachafuka mpaka kwenye nyusi, akapika pilau kama vile ni Idi.

Aliolewa na mzee Adamu mwaka 1993, wakajaliwa Hamza na Raudha. Mwaka 2004 mzee alioa mke wa pili, Mboni. Majirani walisubiri ugomvi, wakasubiri weee, wakachoka.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika ana maradhi ya figo. Mboni ndiye aliyempeleka kusafishwa damu Dar, na mikono ilipoanza kutetemeka, ndiye aliyemshikia darubini.

Aprili hii bundi alitua kwenye mkorosho nyuma ya chumba chake. Vijana wakaja na mawe. Wifi yake, bi Swaumu, akasema, "Huyo katumwa." Macho yote yakageukia mlango wa Mboni.

Marehemu akatoka, kashika ukuta. "Kafuata panya wa mahindi yangu. Mkimfukuza, panya mtakula nyie?" Kisha akamwambia mumewe mbele yao wote, "Nikifa, Mboni ndiye anioshe."

Alifariki jana, Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, alfajiri. Daktari kaandika figo. Bundi hakuandikwa popote.

Leo asubuhi, Mboni alipokuja kumwosha marehemu, bi Swaumu alisimama mlangoni. "Huyu hamgusi."

Mzee Adamu akasema, "Dada, huo ni usia. Mpishe."

Mboni akaingia, akamwosha mwenzake. Hata hivyo, tangu atoke hakuna aliyempa mkono, na anayekuja kukaa karibu naye anavuta mkeka pembeni.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na mke mwenzake aliyeishi naye miaka ishirini na moja. Yarabi, mpokee mja wako kwa huruma na umpanulie kaburi lake.

Wanaotoa pole, mfiwa Mboni yuko pale ukutani, peke yake. Muanzie hapo.