Karani wa Safu ya Pili

Leo, Jumanne tarehe 31 Desemba 1957, Bwana Theonest Rutabingwa, karani wa namba za magonjwa hapa Hospitali ya Mvinjeni, njia ya Temeke, anastaafu baada ya kutumikia miaka ishirini na saba, miezi tisa na siku ishirini na saba. Mwenyewe anasema ni siku ishirini na nane, kwa sababu siku aliyoripoti, tarehe 4 Machi 1930, alifanya kazi mpaka jioni na haoni kwa nini idhulumiwe. Tumemwachia. Kubishana na Bwana Theonest juu ya hesabu ni kujitafutia kiu bure.

Mie niliyepewa kalamu ya programu hii ya kumuaga ni Hija Fakihi, dresa mkuu wa wodi ya wanaume. Nimechaguliwa kwa kuwa hakuna mtu aliyegombana naye zaidi yangu, na wazee wa kamati wanaamini mgomvi wako ndiye akujuaye. Nawaonya mapema kwamba humu ndani limo jambo linaloweza kunivua cheo hiki. Nitalisema kabla ya chai, msiondoke.

Kwa wageni wetu ambao hawaijui kazi yake: kila mgonjwa anayetoka hapa, kwa miguu yake au kwa kubebwa, lazima ugonjwa wake upewe namba kutoka katika orodha kubwa ya Serikali. Malaria ina namba yake, safura ina yake, kuvunjika mguu kuna yake. Kutupiwa jini hakuna namba, ingawa wapo waliomsihi awatafutie. Namba hizo hukusanywa mwisho wa mwaka, na kwa hizo ndipo wakubwa hujua watuletee nini. Zikikosewa, mwakani mnaletewa shehena ya dawa ya macho wakati watu wanaumwa tumbo.

Orodha ilitaka namba moja tu kwa kila mtu, ya ugonjwa aliokuja nao. Bwana Theonest hakuridhika. Mwaka 1934 alichukua rula, akapiga mstari mrefu katikati ya daftari lake, akafungua safu ya pili: ugonjwa alioupatia hapa hapa kwetu. Pembeni yake akaacha nafasi ndogo ya kuandika sababu. Hakutumwa na mtu.

Waliomjazia safu hiyo zaidi ni wale wa mpira wa mkojo. Mtu mkojo ukimziba, huingizwa mpira mwembamba ili umshukie chupani chini ya kitanda, naye hupona kama aliyefunguliwa kamba. Lakini mpira ukiingia na uchafu, siku ya pili au ya tatu anashikwa na homa na baridi ya kutetemesha kitanda. Sie madresa, tunaofunga vidonda na kuingiza mipira hiyo, tulikuwa na dawa ya aibu hiyo: tuliandika malaria. Nani atakataa malaria Temeke? Bwana Theonest alikataa. Aliturudishia karatasi, kisha akaja wodini mwenyewe na kigoda chake, akaketi, akamwamkia mgonjwa, akauliza muhogo umekubali vipi mwaka huu, watoto hawajambo, na mwisho akauliza homa hii umekuja nayo au tumekupa sisi. Mzee mmoja wa Mabibo alimjibu kwamba alikuja na mkojo uliomziba na jogoo, homa kaikuta hapa, na jogoo naye hamwoni. Homa iliandikwa safu ya pili. Jogoo aliuliziwa sana jikoni, kila mtu akatazama pembeni.

Hayo yakimalizika, ilikuwa zamu ya dresa. Mpira ulikuwa wa zamani? Ulikaa siku ngapi? Mikono ilioshwa kwa kitu gani, na nani aliona? Kadhi hana maswali kama yale. Hakupandisha sauti hata siku moja, na hilo ndilo lililoudhi, maana mtu asiyepiga kelele humwezi.

Msidhani ilikuwa ugomvi mtupu. Mwaka ule wa kwanza alipotufikia kutoka Bukoba, kwa meli kisha garimoshi, viatu vinang'aa katika tope letu, sie wenyeji tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Mwezi wa pili akaletewa kifurushi kutoka kwao, kopo lililofungwa vizuri. Nililifungua mie, kwa kuwa vifurushi vyote vya hospitali nilivipokea mie, nikaona wadudu wakavu wamejaa tele. Nikajua ni vipimo vimetoka bara kwenda kwa Daktari. Nikalibandika karatasi, "Wadudu, aina haijulikani, usiguse," nikalifungia kabatini pamoja na chupa za minyoo. Siku tisa Bwana Theonest alikuwa akizitafuta senene zake alizokaangiwa na mama yake! Alipoziona zilipo aliguna tu, akabandua ile karatasi, akala mbele yangu moja moja. Mpaka leo akitaka kuninyamazisha hunikaribisha wadudu, aina haijulikani.

Wakati wa vita mipira iliadimika, tukabaki na saba tu, tukawa tunaichemsha na kuirudia mpaka ikawa migumu. Homa zikazidi. Bwana Theonest akaufunga kila mpira kibati chenye namba, akaandika upi umeingia kwa nani. Baada ya miezi minne akaja na daftari lake, mtulivu kama kawaida, akasema mwenye makosa ni Namba Nne. Kuukunja mbele ya dirisha, lo! una nyufa ndogo ndogo mwili mzima, na uchafu umelala humo hausikii maji ya moto. Tuliuzika nyuma ya jiko. Yeye alisoma wasifu wake mfupi, akasema mwenzetu ametumikia kwa muda mrefu kuliko uwezo wake. Tulicheka siku ile, na homa zikapungua nusu.

Mwaka 1950 ilikuja orodha mpya ya namba, nene kama msahafu, na makarani wa hospitali nyingine wakaanza kuomba uhamisho. Yeye aliichukua nyumbani Pugu siku za Jumapili akaisoma kati ya migomba yake, na kufikia Krismasi alikuwa akizitaja namba bila kufungua kitabu. Makarani watatu wamefundishwa na mkono wake, na Gregori anayempokea leo ni wa tatu.

Sasa tufike mwaka 1953. Daktari wetu wa wakati huo, ambaye amekwisha kurudi Ulaya, alitangaza mwezi wa Januari kwamba wodi itakayomaliza mwaka bila homa hata moja ya mpira katika safu ya pili, msimamizi wake atapendekezwa awe dresa mkuu. Msimamizi wa wodi ya wanaume nilikuwa mie. Wallahi nilichemsha mipira mwaka ule! Dakika ishirini kamili kwa saa ya ukutani, sufuria imefunikwa, na mtu asinisemeshe. Masika yakaja yakaondoka, Ramadhani ikaja ikaondoka, safu nyeupe. Mwezi wa Oktoba nilimwambia mke wangu, Mwanakombo, aanze kuchagua kitambaa cha mapazia, maana dresa mkuu hupewa nyumba yenye madirisha manne.

Alhamisi tarehe 12 Novemba, saa nne asubuhi, Bwana Theonest aliingia wodini kwangu bila karatasi mkononi. Hilo peke yake lilinitisha. Amejikunja, jasho linamtiririka, kiti hataki. Kumbe ana miezi mitatu anahangaika na mkojo wala hajamwambia mtu, hata Ma Kokuberwa, mkewe. Mtu aliyeuliza watu maelfu habari za mikojo yao, wa kwake kaufanya siri! Mficha maradhi kifo humuumbua, na tangu jana yake lilikuwa halijatoka hata tone. Nilimwingizia mpira. Mkojo ulipoanza kushuka, bwana yule alicheka, akashukuru watakatifu wote kwa majina, na nina hakika mmoja aliyemtaja ni stesheni ya reli. Haya nimepewa ruhusa kuyaeleza. Alisema ugonjwa wa karani ukifichwa, wa nani utaandikwa?

Siku ya tatu akashikwa na baridi, kitanda kikagonga ukuta. Nikachukua karatasi yake, nikaandika malaria. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na mbu wamejaa, kwa hiyo nilijiambia si uongo mzima. Damu ilipimwa ikaonekana safi, nikasema malaria hujificha. Akanyweshwa kwinini. Jumapili homa ileile. Jumatatu alfajiri alikuwa akizungumza na babu zake waliokufa, tena kwa heshima kubwa.

Kulipopambazuka akili zikamrudia, akaomba karatasi yake. Akaisoma. Akauliza damu ilionyesha nini, akaambiwa. Basi wodi nzima ikamsihi aiache ile malaria kwa ajili yangu, maana kila mtu pale alijua kuna mapazia yanangoja. Zilikuwa zimebaki wiki sita tu. Ma Kokuberwa, na bakuli la uji mkononi, alimwambia kwa Kihaya, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisikie, kwamba homa ni homa, amwachie Hija cheo chake. Mie nilisimama tu miguuni pa kitanda, na nadhani kusimama kwangu kulikuwa ni kuomba.

Akamwagiza Gregori alete daftari. Aliandika mwenyewe, herufi zimetawanyika kama vifaranga. Safu ya kwanza, mkojo kuziba. Safu ya pili, homa ya mpira, siku ya tatu. Kisha akamwomba Daktari aiache kwinini. Daktari akamchoma penisilini, na Alhamisi mgonjwa wetu alikuwa akilalamika kwamba ndizi zimepikwa vibaya.

Mie nilikwenda nyuma ya chumba cha kufulia nikakaa juu ya ndoo. Nilikasirika, jamani, nilikasirika! Sikumsalimu mpaka Krismasi. Nilijiona nimenyang'anywa haki yangu na rafiki yangu mwenyewe. Ilinichukua muda kukubali kwamba namba yangu ingemzika, na namba yake ndiyo iliyomletea dawa. Mapazia Mwanakombo aliyashona vivyo hivyo, tukayatundika mawili kwa kila dirisha.

Mwaka uliofuata nilianza utaratibu ambao sasa wodi zote zinaufuata: kila asubuhi mipira miwili huchemshwa na kuwekwa tayari ndani ya kopo lenye mfuniko, ili akija mtu anayeugulia maumivu asingojeshwe. Daktari mpya aliusifu sana. Ndio ulionipatia cheo mwaka 1955, na barua yangu inasema ni kwa ubunifu. Hakuna aliyeniuliza ubunifu huo niliutoa wapi.

Niliutoa kwako, Bwana Theonest. Siku ile ulipoingia umejikunja, hapakuwa na mpira uliochemshwa. Niliutia majini, maji yakachemka, nikakaa kuitazama saa. Ndipo ukaanza kulia. Miaka ishirini na mitatu nilikuwa nimekujua, sijaliona chozi lako hata msibani kwa mama yako, nawe ukawa unalia kwa sauti na kuniita jina langu. Sikuweza. Nilikuonea huruma nikautoa kabla ya wakati. Wenzangu madresa vijana mnaosoma programu hii, mgonjwa akilia, mchemshieni mpira wake dakika ishirini huku analia. Na Bwana Daktari, kama barua yangu ya ubunifu inarudishwa, ninayo mfukoni leo.

Tunakushukuru, ndugu yetu, kwa niaba ya watu wengi waliorudi makwao bila kujua kwamba daftari lako ndilo lililowaponya. Nenda Pugu na Ma Kokuberwa mle ndizi zenu, mzeeke taratibu, wajukuu wawachoshe kwa kelele, na mkojo ukutoke bila kubembelezwa. Heri iwe nanyi siku zote.

Saa kumi alasiri unamkabidhi Gregori daftari. Nimelipekua lote juzi, tangu 1934. Kila homa ya mpira ina sababu yake pembeni, isipokuwa moja, ya kwako. Wewe uliyemuuliza kila dresa kila swali, mie hukuniuliza, na miaka minne nimekupita mlangoni nikidhani hujui. Nafasi bado iko wazi. Andika: dakika sita, Hija Fakihi.