Tela Mbili na Gari Lililoziba Njia

Risala iliyosomwa na katibu, Bi. Dativa, katika uwanja wetu wa malori, Blaine, nje kidogo ya Minneapolis

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Nasreen Badawy, mjumbe wa baraza la kaunti na wa kamati inayotoa vibali vya barabara. Mwenyekiti wetu, Bwana Tumsifu. Wazazi, majirani, na ninyi watoto mliopanda juu ya tela, shukeni: sisi wenye bembea tunakukaribisha kwa moyo wote, ingawa leo moyo wenyewe hautulii.

Utuwie radhi kwa kelele. Lori linalonguruma nyuma ya kiti chako halikukosei adabu. Betri yake imechoka, na tukilizima hatuna hakika litawaka tena. Tumelifungia tela zote mbili tangu alfajiri, kwa sababu keshokutwa maonyesho ya mji mmoja mdogo huko kusini yanafunguliwa, na watoto wa huko wameahidiwa farasi wa bembea yetu. Kinachokosekana ni kibali tu. Kwa hiyo ukituona tunatazama barabara huku risala inasomwa, usidhani tunakudharau.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, Bwana Tumsifu alikuja huku kusomea uhandisi, akaishia kukaa mbele ya kompyuta. Siku moja akarudi nyumbani na bembea ya kuzunguka, ile yenye farasi wa mbao, aliyoinunua kwa mzee wa hapa aliyekuwa anastaafu. Mkewe, Bi. Eliakunda, alimwuliza kama amerukwa na akili, maana farasi wote hao hawaingii gereji. Wiki iliyofuata Bi. Eliakunda mwenyewe ndiye aliyekwenda kununua rangi.

Sasa kila farasi ana jina la mji: Tanga, Kisii, Moshi, Goma na wenzao. Watoto wetu wa vitongoji vya Phillips na Columbia Heights, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, wakimgombania Tanga hugombana kwa Kiswahili safi, na matusi yamo. Tunawakanya, lakini kwa siri tunafurahi.

Yule mzee hakutuuzia bembea na kutuacha. Alitufundisha barabara. Lori huvuta tela ya bembea, na tela ya bembea huvuta tela ya jenereta. Kila tela iwe na taa zake, breki zake na minyororo yake ya usalama. Kona ichukuliwe kwa upana. Na dereva akipotea njia asijaribu kurudi nyuma, kwa sababu tela mbili zikirudishwa nyuma hujikunja na kugeukia kila moja kwake. Azunguke tu mpaka aipate njia.

TULIYOYAFANYA

Tumezunguka na bembea hii misimu mingi bila kuangusha hata boliti moja barabarani. Dereva wetu, Bwana Hussni, mtoto wa Mombasa, huzikagua tela kabla ya safari, kisha huzikagua tena wakati sisi tumeshachoka kumsubiri. Bi. Fadhila ameongeza jiko la mishikaki na vitumbua, na foleni yake, Mheshimiwa, imeshawahi kuzidi ya farasi.

Tuna pia desturi moja. Lori linapotoka kwa safari ya kwanza ya kiangazi, hatuliachi liende peke yake. Tunalisindikiza. Kila mwenye gari anakuja na watu wake, anawasha taa zote, anapiga honi, na tunakwenda nalo mpaka mji unapoisha. Hakuna aliyetuagiza. Bembea ile imebeba majira ya joto yetu yote, na mtu anayebeba kitu kama hicho hatoki nyumbani kimyakimya.

Desturi hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa.

YANAYOTUKOSESHA USINGIZI

Mgeni rasmi, kibali chetu kilituruhusu kuvuta tela mbili, kwa mwendo wa polepole, katika njia zilizotajwa. Kilisema pia kwamba hakuna gari letu litakalozuia magari mengine. Tulikisoma. Bwana Kiprop, mweka hazina wetu, alikisoma kwa sauti mbele ya wote, nasi tukaitikia kwa vichwa. Halafu tukaenda tukafanya tulivyozoea kwenye harusi zetu.

Ilikuwa hivi. Lori lilipokuwa katikati ya makutano, taa zikabadilika. Kichwa kimeshavuka, tela ya bembea inavuka, tela ya jenereta bado iko nyuma. Gari moja dogo kati ya magari yetu likatoka kwenye mstari, likakaa mbele ya wale waliokuwa wanataka kuondoka, na dereva wake akashuka akainua mkono. Magari yakasimama. Sisi wengine, Mungu atusamehe, tulipiga vigelegele.

Mama mmoja alifunga breki ghafla, kahawa ikammwagikia. Hakuumia, lakini alitishika, na alikuwa na haki ya kupiga simu polisi. Tunamwomba radhi hapa hadharani. Tulikosea, na hatutafuti maneno ya kulipaka kosa hilo rangi.

Askari alilisimamisha lori mbele kidogo. Alimwuliza Hussni kama magari yale yote yanamhusu. Mheshimiwa, Hussni angeweza kusema hayajui. Lori lilikuwa safi, tela zilikuwa safi, angeachiwa. Lakini watu walikuwa wameamka alfajiri kwa ajili yake, wengine wametoka zamu ya usiku moja kwa moja.

"They're all mine, sir," akasema. "Hao wote ni wangu."

Siku hiyo hiyo kibali kikasimamishwa. Yule mama alikumbuka gari dogo la rangi ya fedha, basi. Na wewe unatujua, Mheshimiwa, ulikulia kwetu Phillips: mmoja wetu akilisifia gari, kiangazi kinachofuata tunalo sote. Katika msafara ule magari madogo ya rangi ya fedha yalikuwa mengi kuliko ya rangi nyingine zote.

Jana ofisi ya vibali ilitupigia simu. Tukimtaja dereva aliyeziba makutano, jambo litakuwa lake peke yake, na sisi tutarudishiwa kibali leo kabla ya ofisi kufungwa. Tusipomtaja, kibali kinafutwa mpaka kiangazi kiishe. Na kiangazi cha hapa, hata wewe unajua, ukigeuka kufunga kamba ya kiatu kimekwisha.

Tulikutana usiku wa jana, tukapandishiana sauti. Wako waliosema tumtaje, na hatuwalaumu, maana wana vibanda vilivyojaa mali. Bi. Makena alisimama akasema, "Tukiwapa jina leo, next summer watataka lingine. Na hiyo siku itakuwa langu ama lako."

Bi. Fadhila, ambaye jiko lake litakaa bure kuliko la mtu yeyote, alisema, "Jamani, tumtoe mmoja ili wengine tuuze vitumbua? Mimi vitanikwama kooni."

Mheshimiwa, mtu huyo anayetafutwa anaishi kwa leseni yake ya udereva. Kila asubuhi anawachukua wazee majumbani na kuwapeleka kliniki, na anawangoja huko mpaka watoke. Leseni ikiguswa, kazi imekwenda, na wazee wale watabaki dirishani wakilitazama gari lisilokuja. Jana usiku alisimama mwenyewe akataka jina lake liandikwe. Tulimwambia akae. Alikaa analia, na hatukuweza kuendelea na ajenda mpaka alipotulia.

MAOMBI

Ombi la kwanza, uturudishie kibali. Hussni yumo ndani ya lori na mkono uko kwenye gia.

Ombi la pili, utupe mtu wa kutufundisha kusindikiza kwa njia inayokubaliwa na sheria. Tuko tayari kuvaa fulana za kung'aa, kufanya mtihani na kuacha honi. Vigelegele tutavipigia humu humu uwanjani, geti likiwa limefungwa.

Ombi la tatu ndilo lililokuwa likitusimamisha na kutukalisha tangu asubuhi. Kama adhabu ni lazima, ije kwetu. Tuadhibu umoja mzima. Tufanyishe kazi ya barabara zako, tufagie makutano yale yale ukitaka. Na kama jibu ni hapana, tutazifungua tela mbele yako, tutaizima ile injini, na tutawapigia simu watoto wa kusini kuwaambia farasi hawaji. Tutaumia, lakini tutalala.

Mheshimiwa, Mungu akujalie afya na subira, aibariki kamati yako, amponye hofu yule mama wa kahawa, na awalinde wote walio barabarani sasa hivi.

Ofisi yako inataka jina la aliyeziba njia. Tumelijadili, tumelipigia kura, na tunakukabidhi hili hapa:

Umoja wa Wenye Bembea wa Minneapolis na Saint Paul.