Sampo ya Injinia na Jiwe la Kona

Kijiwe ni changu na kahawa ni yangu, kwa hiyo nikisema nisikilizwe. Benchi letu ni ubao mrefu. Upande mmoja umelalia jiwe nililolipaka chokaa kwa mkono wangu mwenyewe. Upande wa pili, tangu zile mvua kubwa, umelalia kreti ya soda. Asubuhi ile, saa mbili, gari la Injinia lilikuwa juu ya jeki kando ya kona, hatua ishirini kutoka tulipokaa. Huyu si injinia, ni dereva wa teksi. Jina tumempa kwa ujuaji wake. Jiwe la pale konani lilikuwa limemtobolea tena sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, oili yote chini, na mama yake yumo kiti cha nyuma. Saa nne mama alitakiwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Miadi miwili imeshampita kwa sababu ya jiwe hilohilo, na daktari alishasema akikosa ya tatu, jina linafutwa. Fundi alikuwa ameziba tundu kwa gundi ya chuma, tunasubiri ikauke. Injinia naye kakaa anaandika.

MIMI: Barua ya nani hiyo, na mama yako yumo garini?

INJINIA: Ya waunda magari. Wametangaza wanataka maoni ya madereva wa barabara mbovu. Kwanza, tumbo la gari liinuliwe. Pili, sampo ivalishwe bamba la chuma. Tatu, ekzosi itokee juu, isiburute chini.

Faili akaguna. Ni karani mstaafu, haamini hata saa yake mwenyewe.

FAILI: Wanakuuliza wewe? Tangu lini? Amka, ndugu yangu. Gari likishavumilia mashimo, nani atatengeneza barabara? Hao wanakula sahani moja na wenye barabara.

FUNDI: Mimi nimefungua sampo nyingi. Bati lake kila mwaka linazidi kuwa laini. Makusudi hayo!

FAILI: Na wewe? Gari la nne mwezi huu, yote yanatobokea mbele ya karakana yako.

FUNDI: Mzee Faili, unanishuku mimi?

FAILI: Sijakushuku. Nimehesabu tu.

FUNDI: Basi nikwambie kitu. Leo nikiwa chini ya gari nimelitazama lile jiwe vizuri. Limezama kwenye dimbwi, lakini ubavuni lina alama nyeupe.

Weee! Hata vikombe vilisimama hewani.

FAILI: Alama! Nilijua. Limepimwa hilo. Wauza vipuri wamelipima hadi urefu wa sampo, wakaliweka.

INJINIA: Naongeza la nne: gari liwe na kioo cha kutazamia chini.

MIMI: Juzi nilimwona mtu wa kofia akipiga picha pale konani.

Nilimwona kweli, ila alikuwa anampiga picha mkewe. Hilo sikulisema. Utamu wa mazungumzo ulishanichukua.

FAILI: Ndiye huyo! Anapeleka ripoti. Na msiliguse jiwe, ni ushahidi.

FUNDI: Nani aliguse? Wakikukuta nalo, utasema nini?

Mlango wa gari ukafunguka. Mama yake Injinia akaja polepole, mkono mmoja umeshika fimbo, wa pili unapapasa hewa. Sote tukamwamkia.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nimechoka kukaa humo nikiwasikiliza. Gundi imekauka?

— Bado kidogo, mama. Kaa hapa, akasema Injinia, akamshika mkono.

Akakaa upande wa kreti. Ubao ukayumba, nusura aanguke. Akainama, akapapasa chini: kreti. Akasogea mpaka upande wa pili, akapapasa tena: jiwe. Akakwangua kwa ukucha, akavisogeza vidole karibu na jicho lake linaloona ukungu. Vilikuwa vyeupe.

— Huku mna jiwe zuri la chokaa, akasema. La kule mvua ililipeleka wapi?

Faili akatazama saa yake. Fundi akakohoa. Mimi, niliyeyapaka mawe yote mawili ya benchi siku moja kwa kopo moja, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, nikajifanya natafuta kifuniko cha buli.

Injinia akaikunja barua yake. Akavua viatu, akapandisha suruali, akaelekea konani.