Mwamuzi Aliyemkatalia Mbwa wa Mkwewe

Wafiwa wenzangu, na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imenipa mimi, mpwa wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwamuzi, na nikicheka katikati mtanisamehe, maana mwenyewe hakupenda watu wanune.

Mjomba alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa mama fundi cherehani na baba fundi wa kuchomelea vyuma, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, kisha sekondari hadi 1969, na mwaka 1972 akahitimu mafunzo ya tiba ya mifugo.

Tarehe 1 Februari 1973 aliajiriwa katika kituo cha mbwa walinzi, na baadaye akawa mwamuzi, yaani mtu wa kupima kama mbwa mkubwa wa ulinzi anafaa kuishi na watu au ni hatari, na namna yake ilikuwa moja tu, mgeni alimpa mkono mwenye mbwa, akasimama kidogo, akaondoka, naye mjomba hakujali meno wala kelele, aliangalia kama mbwa anatulia mgeni akishaenda zake, kwa kuwa, kama alivyozoea kutuambia, mbwa anayetaka kumla kila mtu si mlinzi, ni mwoga mwenye meno.

Hapo ndipo alipojitia matatani, kwani tarehe 20 Mei 1978, siku chache baada ya kupeleka posa kwa binti wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee huyo alimleta mbwa wake, Jenerali, aliyeogopwa na mtaa mzima, akitarajia sifa kemkem, na mjomba, bila kupepesa macho, akaamua kwamba hafai. Jamani! Mzee alifoka kwamba anayemdhalilisha mbwa wake haoi kwake, jamaa wakamsihi mjomba abadili uamuzi, naye akakataa katakata, akiwauliza mtoto wa jirani akiumwa watamwambia nini mama yake, ila akaomba ruhusa ya kumtuliza Jenerali, na mzee, shingo upande, akakubali kwamba akifaulu posa itazungumzwa upya.

Basi kila jioni aligeuza ndoo, akaketi juu yake karibu na banda la Jenerali nyumbani kwa mzee, akampa mbwa mgongo, akitafuna karanga na kurusha vipande vya nyama nyuma bila kugeuka, huku binti akichungulia dirishani, hadi Desemba, Jenerali alipomwacha mgeni apite mlangoni mbele ya mzee mwenyewe. Ndoa ilifungwa tarehe 17 Februari 1979, wakajaliwa watoto watatu, muuguzi, dereva na kitinda mimba ambaye ni mwalimu.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2021, na alfajiri ya tarehe 6 Juni 2022 akatutoka hospitalini, akiwa na miaka sabini.

Tunawashukuru wenzake wa kituoni, majirani waliotupikia na kutuletea viti, na madaktari na wauguzi waliomruhusu mkewe, mkaza mjomba wangu, kukaa naye hadi mwisho, kwani hapo ndipo alipopata kumuuliza mumewe yule Jenerali alikuwa sugu kiasi gani hata ikachukua miezi yote ile, naye mjomba akamjibu kwamba mbwa alitulia tangu Julai, aliyebaki na woga ni yeye mwenyewe, akihofu kwamba mzee akikataa tena, hata zile jioni za kumwona dirishani zitakwisha. Mjomba, usihofu tena, pumzika kwa amani yote.