Sabuni ya Mujane na Mabati ya Masomo

Bamama, batata, mi sitasimama pale pembeni ya mulango fasi mumenionyesha. Pale njo fasi bajane banazoea kukaa, ili batoke haraka kama mutu anabaangalia mubaya. Nitasimama hapa katikati. Mwenye hataki kuniona, afunge macho.

Sawa. Musamehe sauti yangu kama iko juu. Nimeita batu banunue sabuni ku muji hii muda murefu, sauti haijui tena kunong'ona.

Mumeniomba niseme namna gani mi, mwanamuke bila bwana, nilipata bikundi yenye inauzisha sabuni yangu ili ichangishe feza ya kazi yake: korali ya kanisa, timu ya mupira, bazazi ba batoto ba masomo. Mutu anapita leo ku lupangu yangu, kiwanja ya nyumba yangu, anaona bamama bamepanga mustari na masanduku ku kichwa, anafikiri ilianza hivi. Ndugu zangu, nawaambia, ilianza na mulango kufungwa mbele ya pua yangu.

Bwana yangu alikuwa anaendesha mashini kubwa kule Mashamba, ku shimo ya mukuba, ile shaba. Mi nilizaliwa hapa hapa Kolwezi, ku kampi ya bafanyakazi. Babu yangu njo alitoka Kasai, balimuleta kufanya kazi. Tulikuwa na nyumba ya kampani, bunga ya kampani, mutoto akigonjwa tunaenda ku hospitali ya kampani. Maisha haikuwa mubaya. Kisha bwana akaanza kukohoa. Alikohoa musimu yote ya mvua, na wakati jua ilirudi, tukamuzika.

Matanga haijaisha, ndugu zake bakafika. Yaya yake, mwenye alikuwa mukubwa yabo, alivaa koti ya abakos imepigwa pasi vizuri, akakaa ku kiti ya marehemu. Akaniambia:

"Mama, nyumba ni ya kampani, utaiacha. Bitu ni ya ndugu yetu, tutaibeba. We utarudi Kasai."

"Nitarudi namna gani fasi sijafika hata siku moja?"

"Kule njo kwenu."

"Shemeki, kwetu ni hapa. Kitovu yangu balizika hapa."

Alionyesha tu na kidole, na banduguye bakaanza kubeba. Kitanda, meza, mashini yangu ya kushona. Hata sufuria yenye ilikuwa ku moto balibeba. Sombe, majani ya muhogo yenye nilikuwa napika, balimwaga chini. Batoto bangu batatu, bote basichana, balisimama ku ukuta banaangalia ile sombe. Mutaniuliza: ulilia? Hapana. Siku ile kasirani ilinijaa, machozi ilikosa fasi ya kupita.

Mama moja wa Kapanga, kule upande ya Musumba, njo alinifungulia chumba ku lupangu yake. Mama wa maneno kidogo. Aliangalia batoto, akaangalia mukeka yangu, akasema: "Ingieni. Ingine tutasema kisha." Njo vile tu.

Munakumbuka wakati ile sabuni ilikosekana ku kantini? Bamama balikuwa banafua na majani ya mupapai, na majivu. Mi nilijifunza kupika sabuni wakati nilikuwa musichana, ku fwaye ya masista, fasi basichana banafundishwa kazi ya mikono: mawese, maji, soda kali, na kukoroga mpaka mukono inakufa. Mama wa Kapanga, ndugu zake balikuwa banamutumia mawese na kamyo, juu ya ile njia yenye inavunja magari. Akanipa bidon moja yenye kujaa mawese. Nikapika nje, ku moto ya kuni. Sabuni ikatoka nguvu, ya manjano, inatoa povu kama maziwa inachemka.

Nikaweka kitunga ku kichwa, nikapita mulango kwa mulango. "Odi! Sabuni!" Bamama banatoka banakimbia. Banaishika, bananusa, banafurahi. Kisha moja anauliza: "Si we njo bibi ya ule marehemu wa Mashamba?" Nasema: "Njo mi." Pale pale sabuni inarudi mu kitunga.

Mama moja alinihurumia, akaniambia wazi. "Mama, sabuni yako haina kosa. Lakini sabuni inagusa mwili. Bwana yako udongo yake haijakauka. Mi bwana yangu anashuka mu shimo kila siku. Ukiniletea mukosi ku nyumba, nitafanya nini? Unielewe."

Nilimuelewa, na njo ile ilinichoma zaidi. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa mutu mwenye woga, na woga yake ilikuwa inakula bunga ya batoto bangu. Kisha nikasikia nani anapanda ile neno ku muji. Ilikuwa shemeki, ule yaya ya bwana yangu. Alikuwa anasema ku kila kilabu ya pombe kwamba mi njo nilikula ndugu yake na bulozi, na kwamba nitachoka, nitarudi Kasai.

Sabuni ikajaa chumba. Tulikuwa tunalala katikati yake. Binti yangu mukubwa aliacha masomo, akaenda kuteka maji ya batu. Na mi kila siku nikasema mu roho: sirudi. Hata nikule sabuni, sirudi.

Basi siku moja bamama babili ba korali bakaingia ku lupangu. Balikuwa banapita kila nyumba banachangisha feza ya kununua ngoma mpya, juu ile ya zamani ngozi ilipasuka. Bakasimama mbele yangu, haya ikabashika, juu balijua sina kitu.

Nikabaambia: "Makuta ya kuchanga sina. Niko na sabuni. Mubebe hii sanduku, muuzishe. Bei yangu ni hii. Yenye itazidi juu yake ni ya ngoma."

Bakaangaliana. Bakabeba. Siku ya Mungu, kisha misa, bakarudi banahema. "Mama, imekwisha pale pale ku mulango ya kanisa! Iko ingine?"

Muone sasa. Hakuna mutu aliuliza nani aliipika. Balinunua juu ya ngoma. Ule mukosi mukubwa, ukiweka ngoma juu yake, unakimbia! Munacheka? Mi pia nilicheka, na haikuwa kicheko ya furaha. Ilikuwa ya mutu mwenye ameona adui yake iko na miguu ya nyasi.

Nikakaa, nikafikiri. Kumbe nilikuwa napiga odi kwa batu hawana lazima na mi. Heri nitafute batu benye banakosa kitu. Toka siku ile nilianza kutembea na masikio. Fasi ukuta ya shapeli imeanguka, fasi timu haina mupira, pale njo kuko mutu wangu. Na mi sianzi kuonyesha sabuni, hapana. Nauliza kwanza: "Munakosa nini?" Nawaacha baseme mpaka banachoka. Kisha njo nafungua kitunga.

Nilienda Mutoshi, kwa vijana ba mupira. Kapiteni akacheka. "Mama, mupira na sabuni, ni wapi na wapi?" Nikamuuliza: "Jezi yenu munafua na nini?" Aliangalia jezi yake. Hakucheka tena. Bakabeba masanduku.

Bengine balinifukuza. Katekista moja aliniambia kanisa si soko. Nikarudi juma ingine, akanifukuza tena. Mpaka leo hajafungua mulango yake, na mi mpaka leo nikipita kwake nasema odi. Tutaona nani atachoka.

Sasa munisikie vizuri, juu hapa njo nilipimwa.

Upepo ilibeba mabati ya masomo moja, shule ya batoto, ku site, mu mitaa ya batu. Batoto balikuwa banasoma mu jua, na mvua ikinyesha, banarudi nyumbani. Nikaenda kwa prezida wa komite ya bazazi, tata moja mwenye anaendesha kamyo kubwa, mutu mwema, lakini mwenye kuogopa maneno ya batu. Tukaelewana: bazazi bote bauzishe sabuni, faida inunue mabati. Nilipika kama sijapika. Nilimaliza mawese yote ya mama wa Kapanga, akatuma neno kwabo balete ingine.

Shemeki akasikia. Akaenda kumuona prezida. Kisha siku mbili, prezida akakuja kwangu, kofia mu mukono.

"Sitwayeni," akaniita, ile neno ya raia mwanamuke, "sabuni iko muzuri. Lakini batu banasema. Tufanye hivi: tutauzisha, lakini jina yako isisikike. Tutasema ni ya masista. Na we usikanyage ku masomo."

Nikamuomba anipe siku moja. Mama wa Kapanga akaniambia: "Kubali. Mutoto hakuli jina." Na alikuwa na haki. Mawese ilikuwa yake, na soda kali nilikuwa nimeitafuta na miguu yangu. Lakini nikaangalia basichana bangu batatu. Nikafikiri: leo nikijificha, kesho mutu atabaambia bo pia bajifiche. Na bo siku moja banaweza kubaki bajane.

Asubui nikamuendea prezida. "Hapana, tata. Kama sabuni yangu inafaa ku masomo, na mi nafaa ku masomo. Uite bazazi bote, uwaambie ni ya nani. Bakikataa, nitaibeba mwenyewe ku kichwa."

Bazazi bakakutana mu darasa ile haina mabati, jua katikati ya kichwa. Shemeki alikuwa pale, hana mutoto hata moja mu masomo ile. Prezida akasema kidogo, akikohoa-kohoa, kwamba sabuni ni ya mama huyu. Ah! Kelele! Mutu moja nyuma akapiga nduru: "Arudishe mukosi yake kwake!"

Nikasimama. Nilikuwa nimekuja na baseni na maji. Nikamuita binti yangu wa mwisho. Mbele ya batu bote nikamuosha kichwa, na uso, na mikono, na miguu. Kisha nikaosha uso yangu mwenyewe.

Nikasema: "Kama kuko mukosi mu sabuni hii, ianze na mwenye nilizaa. Muangalie. Munaona nini? Povu. Povu tu!"

Mutoto akapangusa macho, maji inamutiririka ku shingo.

Mwanamuke moja akasimama mbele, munene, mutoto ku mugongo. Ilikuwa bibi ya prezida.

"Niko na neno."

"Mama, kaa," bwana yake akasema.

"Sikai. Tata, hii shati umevaa, ilifuliwa na nini?"

Prezida akaangalia shati.

"Nakuuliza. Toka Pasaka nafua na sabuni ya huyu mama. Nilinunua ku korali. Kisha nilijua ni yake, na sikuacha. We unaenda ku kazi kila siku, unarudi muzima, unakula bukari kuliko batu bote ku nyumba. Kama ule ni mukosi, basi uko mu njia, haujafika!"

Kicheko ikaanza nyuma, ikakuja mbele kama mvua ku mabati, na mabati haikuwako! Prezida alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akatoa kofia. Mama moja mujane, mwenye alikuwa amekaa peke yake ku mulango, akainuka, akakamata kipande ya kwanza. Kisha mwingine. Kisha ilikuwa kusukumana.

Shemeki akapita karibu yangu anatoka. "Hauna haya," akasema.

"Haya ulibeba siku ile pamoja na mashini ya kushona."

Mabati ilipanda mbele ya mvua kurudi. Kisha pale, si mi tena nilitafuta bikundi, ilinitafuta. Bamama ba Musumba bakatuma neno na kamyo ya mawese, banataka kusaidia nyumba ya kuzalishia. Lupangu yenye munaona, nilinunua na sabuni.

Sitabadanganya kwamba yote ilirudi. Mashini ya kushona haikurudi. Binti yangu mukubwa hakurudi ku masomo. Anapika sabuni kunishinda, lakini akipita pale masomo anaangalia upande ingine, na mi naona. Na kuko batu mpaka leo banavuka barabara ili basikutane na mi. Bavuke. Barabara ni pana.

Namushukuru mama wa Kapanga, mwenye aliniambia nikubali, na nilipokataa, akakuja kunibebea maji ya baseni. Nashukuru bamama ba korali, na masista benye balinifundisha kukoroga bila kuchoka. Nashukuru ule mama munene na ulimi yake, na bwana yake pia, juu kucheka mbele ya batu si kazi rahisi kwa mwanaume. Mungu ninamushukuru kila siku, na ninamushukuru nikiwa nimesimama.

Neno yenye naweza kuwaachia ni hii. Usiende kwa batu na huruma mu mukono, huruma inaisha mbele ya jua kushuka. Uulize banakosa nini, na kazi yako iingie pale. Na siku batasema, "Tunataka kazi yako, lakini we ujifiche," siku ile ukatae. Hata njaa iko ku nyumba, ukatae. Kazi yangu na uso yangu inatembea pamoja.

Na weye, dada, kule ku mulango, na kitambaa nyeusi. Ndiyo, weye. Nilikuona toka niliingia. Toka pale, ukuje ukae hapa mbele. Juma inayokuja ukuje ku lupangu yangu, nitakufundisha kupika. Ukuje muchana, wakati batu bote bako ku barabara, na ubasalimie moja moja.