Marehemu Huka Komora na Ndege Aliyoinyamazisha

Marehemu Huka Komora alizaliwa hapa Golbanti tarehe 11 Mei 1941, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Komora Buya na marehemu Mama Rahabu. Alizaliwa shambani kwenye migomba, si nyumbani, kwa sababu mto ulikuwa umefurika na maji yamefika magotini ndani ya nyumba. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alikuja na mafuriko na mafuriko yatamrudia. Aliyasema kwa utani, ila wazee mlioketi hapa mnajua maneno ya mama yanavyoshika.

Alianza masomo mwaka 1949 katika shule ya misheni hapa hapa, akamalizia Ngao mwaka 1957. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Huka ana mikono mizuri na mdomo mzito." Familia imetafuta sifa iliyo ya kweli kuliko hiyo na haikupata. Hakusema jambo hadi alipime, na jambo moja alilipima miaka miwili.

Mwaka 1960 alipanda lori la pamba hadi Mombasa, na kutoka huko akafika Nairobi, akaajiriwa kufagia karakana ya ndege ndogo. Alifagia huku akitazama. Mwaka 1969 alipata leseni ya ufundi, na kwa miaka ishirini na miwili mikono yake ilipita kwenye ndege ambazo wengi wetu tumeziona tumboni tu, zikipita juu. Mwaka 1991 alirudi Garsen kutunza ndege moja ya injini moja iliyobeba wagonjwa wa huku kwetu kwenda Malindi.

Tarehe 17 Aprili 1971 alifunga ndoa na Bi. Eunisi Makorani katika kanisa hili. Wakati wa uchumba alitengeneza cherehani ya mama mkwe mara tatu, ingawa iliharibika mara moja tu. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Agosti 1996 lilifika boksi dogo kutoka ng'ambo. Ndani mlikuwa na vibati themanini na sita vya alumini, kila kimoja si kirefu kuliko ukucha wa kidole gumba, pamoja na gundi na karatasi ya vipimo. Vilitakiwa kubandikwa kwa mstari mgongoni mwa mabawa. Gundi ilikauka upesi kwa joto la Garsen, hivyo marehemu alibandika asubuhi na mapema, Bi. Eunisi akimshikia uzi wa kupimia na kulalamika kwamba paa la nyumba yake linavuja huku mumewe akihangaika na paa la ndege. Wafugaji waliopitisha ng'ombe kando ya uwanja waliuliza kama ndege imeanza kuota meno, na kuanzia hapo ikaitwa Mamba.

Marehemu aliwaeleza kwa mfano wa mto. Maji yakipita juu ya jiwe hulishika mgongo, lakini jiwe likisimama sana maji huliacha na kuzunguka ovyo nyuma yake. Ndege nayo ikienda polepole mno, pua ikiwa juu, upepo huliacha bawa, na bawa lililoachwa na upepo halibebi kitu. Meno yale yaliuvuruga upepo kidogo tu, ukang'ang'ania bawa hata mwendo ukiwa mdogo. Mamba ikaweza kutua pale ambapo zamani isingethubutu, kwenye tuta la shamba la mpunga au kipande cha barabara kilichobaki kikavu. Wapo watu katika mazishi haya walio hai kwa sababu ya meno hayo. Familia inaomba kazi hiyo ikumbukwe, maana ilikuwa njema, na linalofuata haliifuti.

Ndege ile ilikuwa na honi ya onyo. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto palikuwa na kiulimi cha bati. Upepo ulipokaribia kuliacha bawa ulikiinua kile kiulimi, na honi ikalia ndani ili rubani ashushe pua na kuongeza mwendo. Baada ya kubandikwa meno, honi iliendelea kulia pale pale pa zamani, mapema mno, bawa likiwa bado na nguvu. Ikawa inalia muda wote wa kushuka. Rubani wa Mamba, Sadik Dadacha, kijana wa Garsen aliyekua akichunga ng'ombe wa baba yake, aliizoea. Abiria hawakuizoea.

Oktoba 1997 Sadik alimpeleka mama yake, Mama Hawa, kutibiwa macho Malindi. Waliporudi, mama alikwenda moja kwa moja kwa marehemu.

"Huka, hii ndege yako inalia mimi, na mimi bado hai," alisema. "Kwetu hapana lia mtu hai. Wewe ndio fundi, nyamazisha."

Sadik alicheka. Marehemu hakucheka, kwa kuwa hata sisi Wapokomo kumlilia mtu aliye hai ni uchuro, na wagonjwa wengine walikuwa wamelalamika vivyo hivyo. Alikishusha kiulimi kidogo ili honi ilie baadaye, karibu na hatari yenyewe. Hilo halikuwa kosa, fundi yeyote angelifanya. Lakini baada ya kukishusha, ndege hupandishwa juu sana, ikapunguzwa mwendo hadi bawa liachie, na rubani akasikiliza kama honi imetangulia. Sadik alikuwa likizo, kwa hiyo rubani wa zamu kutoka Malindi ndiye aliyetakiwa kuja kuijaribu Jumanne tarehe 2 Desemba 1997. Mvua za El Nino zilimzuia. Marehemu alikiinua kiulimi kwa kidole, honi ikalia, akaandika kwenye kitabu cha ndege: Imejaribiwa.

Alhamisi tarehe 4 zilikuja habari kwamba mke wa watu, Abdia, yuko kwenye tuta karibu na Kilelengwani, amezungukwa na maji, na ana uchungu wa kuzaa siku ya pili. Sadik, aliyekuwa amerudi kutoka likizo, alifika uwanjani akiwa amelowa.

"Mzee, honi iko tayari?"

"Tayari."

"Imejaribiwa huko juu?"

"Imejaribiwa. Nenda, mama wa watu anangoja."

Saa kumi na robo Mamba ilishuka juu ya tuta. Waliokuwepo walisema ilikuja taratibu kama ilivyo desturi yake, kisha bawa la kushoto likalala na ndege ikaingia majini. Sadik alifariki papo hapo, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Abdia alifariki kesho yake palepale kwenye tuta, na mtoto wake tumboni.

Marehemu alifika kwa mtumbwi wa kwanza. Alikikuta kiulimi kinaning'inia kwenye kipande cha bawa, akapima kwa jicho mahali kilipokuwa, akaona amekishusha kupita kiasi kwa upana wa punje ya mchele. Honi haikuwahi kutangulia. Aliking'oa akakitia mfukoni. Maji yalipopungua, wachunguzi walikuja wakaandika kwamba rubani alipunguza mwendo kupita kiasi. Garsen nzima ikasema Sadik alimuua Abdia kwa uzembe. Mama Hawa aliacha kupeleka maziwa sokoni, kwa sababu wanawake walinyamaza kila alipofika.

Tangu hapo marehemu aliisikia. Kila siku saa kumi na robo, honi ambayo haikulia Kilelengwani ililia nyumbani kwake. Alisimama popote alipokuwa, hata tonge likiwa mkononi, na mkono wake wa kulia ukasukuma mbele kitu kisichokuwepo, kama rubani anayeshusha pua. Wajukuu walikatazwa kupiga filimbi za mabua ya mpapai. Bi. Eunisi alianza kuchemsha chai mapema ili saa hiyo jiko liwe kimya, wala haikusaidia kitu. Siku moja bintiye Zipora, ambaye ni mwalimu na ndiye anayesoma wasifu huu, alimshika mkono ule.

"Baba, hakuna kinacholia."

"Najua," alisema. "Hata siku ile hakuna kilicholia."

Ilimtisha Zipora, na hataki kusema kwamba haikumtisha. Nyumba ile iliogopesha saa hiyo, hata kwa sisi tusioamini mambo ya mizimu.

Machi 1999 marehemu alipatikana na maradhi ya figo. Alipelekwa Malindi kwa gari, mara zote kwa gari, hata barabara ilipokuwa tope tupu. Tarehe 9 Novemba alimwomba Zipora alete biro hospitalini, akamwambia yote mliyosikia. Zipora alimuuliza kwa nini alinyamaza. Sababu ya kwanza, alisema, ni woga, wala hakuipamba. Ya pili ilikuwa Mama Hawa.

"Nikisema, Sadik anasafishika. Lakini mama yake atakumbuka ni nani aliyesema nyamazisha. Nimtoe mwana aibu nimtwike mama? Neno lake lilikuwa neno tu. Aliyeshika bisibisi ni mimi, na aliyedanganya ni mimi."

Akaagiza isomwe mazikoni na kiulimi apewe Mama Hawa. Zipora alitumaini kwamba baada ya kusema atapata utulivu. Saa kumi na robo mkono uliinuka kama kawaida. Aliaga dunia Jumapili tarehe 14 Novemba 1999, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Mdogo wake, Mzee Kuno, alikataa habari hizi zichapwe. "Marehemu husemwa mema, Zipora. Kata hapo kwenye honi, watu wazike waende zao."

"Kwanza nitamsomea Mama Sadik, baba mdogo. Akisema kata, nitakata."

Jumatano walikwenda Garsen wote wawili. Zipora alisoma, Mzee Kuno amesimama mlangoni anaangalia nje. Mama Hawa alisikiliza hadi mwisho, akapokea kiulimi, akakiinua kwa kidole, kikalala tena.

"Mimi najua," alisema. "Siku ile ile najua. Mdomo yangu ndio nasema nyamazisha. Watu nasema Sadik mbaya, mimi nanyamaza, kwa sababu naogopa Huka atasema, mama yake ndio nataka hivyo. Yeye naogopa mimi, mimi naogopa yeye. Miaka mbili mtoto yangu nabeba sisi wote."

"Nilitoe jina lako, Mama?"

"Hapana toa. Soma yote. Jina yangu weka, na ya Sadik weka."

Kisha akauliza, "Nyumbani kwenu, watu nalia yeye?"

Mzee Kuno ndiye aliyejibu. Alisema hawajalia, kwa sababu marehemu hakupenda sauti ya kilio nyumbani kwake.

"Kwetu hapana lia mtu hai," alisema Mama Hawa. "Huka sasa amekufa. Sasa lia. Mimi nakuja, nalia na nyinyi."

Marehemu ameacha mjane, Bi. Eunisi, watoto watatu, Zipora, Buya na Rahabu, wajukuu watano, na mdogo wake, Mzee Kuno. Pamoja nao yuko Mama Hawa, aliyeketi mbele kando ya mjane kwa kuwa mwenyewe ameomba kukaa hapo. Hapa msomaji atanyamaza kidogo, na anayetaka kulia alie kwa sauti, maana sasa hakuna anayekatazwa.

Huka Komora apumzike kwa amani. Na Sadik Dadacha, ambaye hakukosea, apumzike kwa amani.